Mashini ya Mawazo

Vijana wa serevisi yetu hospitalini wameniomba niandike kazi yangu "kabla Mama hajasahau". Walisema hivyo mbele ya macho yangu, kama vile nimekwisha kuanza kusahau. Haya, nimesikia. Naandika kwa Kiswahili chetu cha Kindu. Mwenye kutaka kile cha redio awashe redio. Mambo ya vyeo nayaacha. Mushahara nauacha pia, maana wenyewe ulituacha zamani. Nitaandika juu ya mashini, juu ya Dokta Kalala aliyenifundisha, na juu ya neno moja lililopakwa rangi kwenye mulango wetu, ambalo lilibakia kidogo tu limuue muntu.

Jina langu ni Zaina, lakini hospitali nzima iliniita Mama Mashini. Nilikuwa muuguzi kwenye maternité, kwa wamama wenye kuzaa, na sikuomba kutoka huko. Dokta Kalala alikuja siku moja, akatuangalia vichwa sisi wanawake wote, akaniuliza: "Nani amekusuka?"

"Nimejisuka mwenyewe, Dokta."

"Na wengine unawasuka?"

"Nawasuka."

"Basi unajua kugawa kichwa. Njoo."

Njo hivyo nilivyoingia kazini. Wenzangu walicheka mupaka wakashika matumbo, eti Zaina ameitwa na dokta akamusuke. Lakini yule muzee alikuwa na akili yake. Mashini yetu ilichora mawimbi ya ubongo. Kila kichwa unakigawa mistari, kutoka paji la uso mupaka kisogoni, kutoka sikio mupaka sikio, halafu unaweka vidude vya chuma mahali palepale panapotakiwa, juu ya ngozi, si juu ya nywele. Asiyejua kusuka anahangaika. Nimeona wanaume wenye diploma za Kinshasa wanatafuta ngozi ya kichwa cha mama mwenye nywele nyingi kama vile wametupa ufunguo porini.

Mashini yenyewe ilikuwa sanduku la chuma, kubwa kuliko kabati la vyombo. Ilikuja na treni kutoka upande wa Katanga, wakati treni ilikuwa inakuja kweli. Ilikuwa na kalamu zake ndogo za wino, zimepangwa moja chini ya ingine, na karatasi ndefu inayopita chini yake. Muntu akikaza meno, kalamu zinaruka. Akipepesa macho, zinaruka. Akifunga macho na kutulia, kalamu za nyuma zinaanza kuchora mawimbi sawasawa, mazuri, na akifungua macho yanapotea. Nilipenda kuona ile. Mupaka leo naipenda, na sitaki muntu anicheke.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kifafa. Wamama walitoka Pangi na Kabambare na watoto mugongoni, na kwa kifafa mashini ilikuwa na faida kweli: ule mustari mukali unauona, unajua, unatoa dawa kama dawa iko. Lakini Dokta Kalala alikuwa na mapenzi ya pili, watu wa mawazo. Muntu asiyelala, asiyekula, anayetazama ukuta tangu asubuhi, katika vitabu wanasema ana sonona. Sisi hapa tunasema iko na mawazo, na kila muntu anaelewa. Dokta alikuwa amesoma kwamba vichwa vya watu hao pengine vinachora tofauti mbele, upande wa kushoto na wa kuume hazilingani. Basi kila mugonjwa wa mawazo alimulaza, akamuchora, akainama juu ya karatasi na miwani yake. Halafu ananiambia: "Zaina, mistari naiona. Huzuni sijaiona bado." Miaka yote ile jibu lilikuwa hilohilo. Wengine wangetunga kitu waende kukisoma kwenye mukutano. Yeye hapana.

Alikuwa na desturi moja ambayo ilinichokesha. Kila siku, kabla ya mugonjwa wa kwanza, tulimuchora muntu muzima, asiye mugonjwa: mulinzi, mufagiaji, yeyote aliyepita. Tuliiita kichwa ya asubuhi. Kama kichwa ya asubuhi imechorwa vibaya, basi mashini njo mugonjwa, usimusingizie muntu. Mupishi wetu alipenda sana kazi hiyo. Alikuwa akifunga macho tu analala, anakoroma, na kalamu zinachora usingizi. Dokta alisema ni kichwa safi kuliko zote hospitalini. Mimi nilijua sababu: hakukuwa kitu ndani.

Sasa nifike kwenye mulango. Tulikuwa na mukubwa mumoja wa utawala aliyependa rangi. Dawa zikikosa, anapaka ukuta. Maji yakikosa, anapaka mabomba. Dokta alimuomba aandike mulangoni "Elektro ya Kichwa". Yeye akasema watu hawataelewa, akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka: MASHINI YA MAWAZO. Dokta alikuwa muntu wa Kasai, Kiswahili alikiokota kwenye gari la moshi, akaona ni sawa: wenye mawazo watajua wapite wapi.

Lakini mawazo si ugonjwa tu. Mawazo ni kila kitu unachowaza! Siku zilezile mama mumoja akamuleta bwana wake, akaniambia polepole: "Mama Mashini, mulaze huyu, unionyeshe ule mwanamuke mwingine anakaa avenue gani." Mwingine alilala huku anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti, mashini isimusikie anachowaza juu ya shemeji yake. Nilicheka na nikakasirika pamoja. Nikamuambia mukubwa wa utawala abadilishe. Akajibu kwamba rangi imekwisha.

Halafu vita vikaja, na ile rangi ikabaki palepale.

Treni ya kutoka Katanga ikasimama. Ile pomada ya kubandika vyuma kichwani ilikuwa inatoka mbali, ikakwisha. Tukapika yetu: unga wa muhogo, chumvi nyingi, maji, unakoroga juu ya moto mupaka inanata. Ilifanya kazi vizuri, ila wagonjwa walitoka wananuka ugali, na mbuzi waliwafuata njiani wapate kulamba chumvi. Unga alituletea Mama Mwayuma, mwenye ndugu zake kijijini Tunda. Yeye alikuwa muke wa Papa Amisi, mashinisti wa treni, na sasa musikilize vizuri, maana habari yote ni ya Amisi.

Amisi alikuwa muntu wa makelele. Akiingia sokoni, unajua ameingia. Wakati wa vita Mama Mwayuma akamuleta kwetu akimushika mukono kama kipofu. Hasemi. Hali. Kule kwao mutaa wa Mikelenge anakaa anatazama ukuta wa nyumba. Nikamugawa kichwa, nikampaka, kalamu zikapita. Karatasi ilikuwa nzuri kabisa. Dokta akaiangalia, akaikunja, akamuambia mama: "Mashini haina neno. Nitamuuliza mwenyewe."

Tangu hapo, kila mangaribi inapokaribia, Dokta alifunga mulango akakaa na Amisi mule ndani. Mimi niliona anapoteza saa zake. Ule mudomo sikuuona kufunguka hata mara moja. Nikipita nje nasikia kimya, halafu swali la Dokta, halafu kimya. Nikasema moyoni, huyu muzee anaongea na ukuta unaotazama ukuta.

Siku moja, baada ya Dokta kumuita pembeni, Mama Mwayuma akaleta gunia kubwa ya unga juu ya kinga, ile baisikeli ya kusukuma. Dokta alitoka mwenyewe kulipokea! Akalisukuma mupaka pembeni ya mashini, jasho linamutoka, akatukaripia: "Munachota juu tu. Chini musiguse, iko na wadudu." Nilimucheka kimoyomoyo. Wadudu gani wanaanzia chini? Lakini watu wa Kasai ugali wao wanachanganya na mahindi, atajua nini juu ya muhogo. Nikachota juu.

Sasa waliokuwa wameshika muji siku hizo walikuwa na komanda wao. Sitamutaja jina, hastahili wino. Alikuwa anavaa miwani nyeusi mupaka ndani ya nyumba, anagonga vitanda vya wagonjwa ndiyo ajue vilipo. Pale gari, kwenye stasioni, kulikuwa na mashini ya treni, moja tu iliyobaki nzima, na yeye aliitaka iende. Lakini haikuwaka. Pompe ya kusukuma mazutu, mafuta yake, ilikuwa imetolewa, imetolewa vizuri, na mukono wa muntu anayejua. Wakamukamata Amisi, wakamuuliza kwa fimbo. Amisi hakusema. Kwa siku nyingi hakuwa anasema hata salamu, atasema pompe?

Halafu mumoja wa wale askari, mwenye kusoma kidogo, akamuambia mukubwa wake kwamba hospitalini kuna mashini ya mawazo.

Walikuja asubuhi, mulinzi wetu bado hajafika. Komanda mbele, Amisi ameshikwa shati, Mama Mwayuma nyuma anakimbia na kiatu kimoja. Ndani tulikuwa na kiti kimoja. Komanda akakikalia bila kuuliza. Dokta akatazama huku na huku, akakaa juu ya gunia la unga, na koti lake jeupe. Niliona haya kwa ajili yake. Nikawaza, hata kusimama wima mbele ya huyu mujinga ameshindwa.

"Hii njo mashini ya mawazo?" komanda akauliza.

"Inachora mawimbi ya ubongo, mon commandant. Kwa kifafa inasaidia sana…"

"Nimesoma kwenye mulango. Ama unafikiri sijui kusoma?"

"Unajua sana."

"Basi mulaze huyu. Mashini iseme kama anajua pompe iko wapi. Kama hajui, ni mugonjwa, arudi kwake. Kama anajua, tunashuka naye kwenye maji."

Kila muntu wa Kindu alijua kushuka kwenye muto Lwalaba na watu wale maana yake nini. Mama Mwayuma alikaa chini palepale kwenye simenti.

Nikamugawa Amisi kichwa. Alikuwa na vidonda juu ya ngozi, na chumvi ilimuchoma, lakini hakukunja hata uso. Nikawasha. Kalamu zikaanza. Na karatasi, jamani, karatasi ilitoka safi kama ya mutoto wa shule. Mawimbi ya nyuma sawasawa. Mbele, kushoto na kuume kama mapacha. Muntu aliyekuwa anakufa kwa huzuni mbele ya macho yetu, na mashini inasema hana kitu. Na ninyi munaotembea na vifaa vyenu mukumbuke ile karatasi. Nilimujua Dokta Kalala: juu ya karatasi hakuwahi kudanganya muntu, hata wakubwa waliotaka ndugu zao waandikwe wagonjwa. Akisema "normal", Amisi anashuka kwenye maji.

"Inasema nini?" komanda akauliza.

Dokta hakuitazama hata karatasi. Alimutazama Amisi. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha gari la moshi: "Huyu muntu iko na mawazo mingi sana."

Maskini, alitaka kusema mugonjwa! Kila mama wa soko angemuelewa. Lakini komanda aliruka kama amekalia siafu.

"Aa! Iko nayo! Mawazo gani? Soma!"

Mama Mwayuma akajiziba mudomo na pagne ya kiunoni. Mimi nilitaka ardhi ifunguke inimeze pamoja na yule mukubwa wa utawala na kopo lake la rangi. Dokta akajikuna kidevu. Hakuinuka kwenye gunia.

"Siwezi kusoma," akasema, "bila kichwa ya asubuhi."

"Kichwa ya nini?"

"Kila siku tunaanza na kichwa ya muntu muzima, mon commandant. Ndiyo tulinganishe. Leo hatujapata. Zaina, nasema uongo?"

"Ni kweli," nikasema. Na ilikuwa kweli tupu, mulinzi bado hajafika.

"Inatakiwa muntu mwenye roho safi, asiyeficha kitu," Dokta akaendelea, mupole kama anaandika dawa ya kikohozi. "Humu ndani nani anafaa kuliko mukubwa mwenyewe? Lala, mon commandant. Zaina atakupaka. Tutaweka karatasi yako kando ya ya Amisi, na tutasoma zote mbili hapa, mbele ya vijana wako."

Wale askari waligeuka wote, wakamutazama komanda wao. Walikuwa na hamu kweli! Mumoja akasema: "Lala, Komanda, tuone." Mwingine akasogea karibu na kalamu, ametoa macho.

Nimeshika vichwa maisha yangu yote, sijaona jasho kutoka upesi namna ile. Yule muntu aliyeogopesha muji, aliyelaza watoto na njaa, alishika kofia yake kwa mikono mbili kama kuna upepo.

"Inaona mawazo yote?" akauliza.

"Mulango wetu umeandikwa hivyo," Dokta akajibu. "Umeusoma mwenyewe."

Komanda akasimama. Akacheka, kicheko cha kukohoa. Akasema mashini gani hii inanuka ugali, huu ni ushenzi, huyu mashinisti ni wazimu, kila muntu anaona, mumuache hapa na wazimu wenzake. Akatoka, akagonga bega kwenye mulango sababu ya ile miwani, akarudi kichwa tu: "Na maandishi haya mufute!" Gari likaondoka. Dokta alibaki juu ya gunia mupaka sauti ya gari ikapotea kabisa. Halafu akaniambia nitafute kisu, nikwangue mulango.

Niliukwangua kwa furaha. Alama nyekundu ziko pale mupaka leo, mukitazama vizuri.

Dokta aliendelea kukaa na Amisi kila mangaribi. Vidonge havikuwepo. Kwenye mashini hakumurudisha tena. Muda mrefu ukapita, na siku moja nikamusikia Amisi sokoni anagombana juu ya samaki wa chumvi, sauti ileile ya zamani, na mwenye samaki anaomba amani. Nilisimama katikati ya matope nikalia. Vita vikakwisha kama vilivyokwisha. Gunia lile siku moja halikuwepo tena, na sikuuliza. Dokta Kalala akafa hapa hapa Kindu, akazikwa na watu wengi kuliko magavana. Kalamu za mashini zikapata kutu, na fundi wa kuzitengeneza hakuna.

Sasa wakati wenu. Ametujia Dokta Fiston, kijana safi, amepita barabara ya Kisangani, Lubutu, matope mupaka masikioni, na ordinatere yake, ndiyo kompyuta, imefungwa ndani ya blanketi kama mutoto muchanga. Ana kofia ya nyuzi za umeme. Unamuvalisha mugonjwa, ordinatere inahesabu mawimbi, inatoa rangi: kijani huna mawazo, nyekundu unayo. Wameitunga mbali, kwa vichwa vya nywele laini. Wamama wetu wenye kusuka inawakaa juu ya nywele kama nyungu juu ya kichwa. Nikamuambia: Dokta, kofia haigusi ngozi. Akajibu: "Mama, programu itasahihisha." Itasahihisha! Programu itafumua nywele?

Sisemi mashini ni bure. Pengine siku moja huzuni itaonekana kwenye mistari, na Dokta Kalala atafurahi huko aliko. Nasema tu kwamba Fiston alikuwa anawavalisha watu kofia kutwa, anatazama rangi, na hakuna aliyemusikia kuuliza muntu unalala namna gani.

Siku yangu ya mwisho kazini, Papa Amisi alikuja kuniaga. Muzee sasa, kichwa cheupe kimenyolewa, fimbo mukononi, Mama Mwayuma amemutangulia kaburini. Nilikuwa nimemusimulia Fiston ile desturi ya kichwa ya asubuhi, na alikuwa ameipenda, ameiandika kwa Kifaransa. Akauliza nani atakuwa muntu muzima wa leo.

"Mimi hapa," Amisi akasema. "Hiyo kazi naijua."

Kofia ikamukaa vizuri, ngozi yote iko wazi. Akafunga macho. Fiston akabonyeza. Tukangoja. Ikatoka nyekundu, nyekundu kabisa.

Fiston akajikuna shingo.

"Inasema nini?" Amisi akauliza.

"Inasema… uko na mawazo, papa."

Amisi akafungua macho. Na nyuzi zote zile kichwani, akasema polepole:

"Mawazo gani? Soma."

Chumba kilekile, kitanda kilekile. Fiston akatazama ordinatere, akanitazama mimi, akatazama tena ordinatere. Nilikuwa tayari kumucheka, maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini alinishangaza. Akafunga ordinatere yake, akavuta kiti, akakaa mbele ya muzee.

"Haisomi, papa. Niambie wewe. Mawazo gani?"

Na Amisi akasema. Alikuwa na kijana wake, Saidi. Yule komanda alikusanya vijana wa muji, akawajaza kwenye treni, akamuamuru Amisi awapeleke vitani. Saidi alikuwa ndani. "Mimi njo nilimuendesha," akasema. "Kwenye kona ya kwanza alitoa mukono nje ya behewa, akanipungia, alikuwa anacheka. Wale vijana hawakurudi. Komanda akasema nitayarishe treni, kuna wengine wa kupeleka. Nikatoa pompe."

"Uliificha wapi?" nikauliza. Lakini mukono wangu ulikuwa umekwisha kufika mudomoni, maana ghafla niliona koti jeupe juu ya gunia.

"Mama Mashini, si mulikuwa munatupaka vichwa na unga wa juu yake?"

Nilikaa chini. Wadudu wa chini! Na yule muzee amekaa juu yake, anajikuna kidevu, anamuambia komanda alale.

Fiston alikuwa hajaelewa vizuri. Akasema: "Lakini papa, Mama Zaina amenisimulia kwamba wakati ule ulikuwa husemi kabisa. Hata na muke wako. Dokta Kalala alijuaje?"

Amisi alikuwa anavua kofia, uzi mumoja mumoja, bila haraka.

"Aliniuliza," akasema.